Kuchangisha fedha za kujenga shule ya jamii iliyohamishwa na maafa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa kamati za wazazi waliohamishwa, kwa ndugu zao walioko mbali, na kwa yeyote aliyeombwa mchango akataka kujua unakwenda wapi. Maswali yameachwa kama yanavyoulizwa.

Tuanze kuchangisha au tutafute kiwanja kwanza?

Kiwanja kwanza. Na kabla ya kiwanja, mwalimu.

Hapo wengi hukunja uso, kwa sababu hamasa huwa juu wiki za mwanzo na hakuna anayetaka ipoe wakati kamati inasubiri muhuri ofisini. Lakini fedha za matofali ndizo rahisi kupatikana kuliko zote. Watu hupenda kutolea kitu watakachokiona kwa macho. Kinachoziangusha shule za namna hii ni mambo yasiyopigika picha: mwenye ardhi anayejitokeza paa likishapanda, walimu ambao hakuna wa kuwalipa baada ya mwaka wa kwanza, na watoto wanaofika darasa la mtihani ndipo igundulike kwamba shule yao haimo kwenye orodha ya wizara.

Kwa hiyo, kabla ya barua ya kwanza ya kuomba mchango, jalada lenu liwe na karatasi tatu. Ya kwanza ni ya ardhi: hati, au barua ya ugawaji inayotaja mipaka na yenye saini za majirani wote wanaopakana na kiwanja. Ahadi ya mdomo haitoshi, hata ikitoka kwa mtu mkubwa namna gani. Ya pili itoke kwa mamlaka ya elimu, ieleze shule itasajiliwa kwa masharti gani na nani atawalipa walimu. Ya tatu ni muhtasari wa mkutano wa wazazi wenye majina na saini, unaoonyesha kwamba wanaitaka shule hiyo na kwamba akina mama walikuwepo na walisikilizwa. Mfadhili makini ataziomba zote tatu.

Shule ya jirani ipo, ila imejaa. Si tujenge yetu?

Mara nyingi jibu ni hapana, ingawa si jibu linalopendwa. Shule iliyopo ina usajili, ina mwalimu mkuu, ina kituo cha mtihani na ina bajeti, hata kama ni kiduchu. Ukiiongezea vyumba vinne na vyoo, umevuka vikwazo ambavyo shule mpya ingevihangaikia miaka. Isitoshe, watoto wa wenyeji na wa waliohamia watakaa dawati moja. Shule mpya ya wageni yenye bati linalong'aa, mbele ya shule ya wenyeji inayovuja, huzaa chuki ambayo hakuna mkutano wa usuluhishi utakaoimaliza.

Jengeni yenu pale ambapo njia ni ndefu mno kwa mtoto wa darasa la kwanza, au mto huikata kila msimu wa mvua, au watoto ni wengi kiasi kwamba hata kusoma kwa zamu mbili hakutoshi. Hata hapo, wenyeji wawe na viti kwenye kamati na watoto wao wapate nafasi tangu siku ya kwanza.

Hatujui kama tutarudi kwetu. Inafaa kujenga jengo la kudumu?

Ulizeni swali lingine: je, eneo mlilotoka litaruhusiwa kukaliwa tena? Kama limetangazwa kuwa la hatari, kwa mfano mteremko ulioporomoka au kingo za mto zilizomezwa, basi kurudi ni matumaini zaidi kuliko mpango, na jengo la kudumu lina haki yake. Kama mamlaka haijaamua, chagueni ujenzi unaofunguka na kuhamishika: fremu za chuma zilizofungwa kwa bolti, kuta nyepesi, paa ambalo mabati yake yanaweza kuvuliwa bila kutoboka upya.

Ila msijidanganye na neno "muda". Baada ya tetemeko la ardhi la Sichuan, China, la 2008, msanifu majengo wa Kijapani Shigeru Ban alibuni madarasa ya shule ya msingi ya Hualin, mjini Chengdu, kwa mabomba ya karatasi ngumu. Yalikuwa ya muda, lakini yaliendelea kutumika kwa miaka. Hema la turubai ni habari nyingine: jua hulichakaza, na mwaka mmoja tu ni umri wa kutosha kwalo. Mkianza na hema, andikeni kwenye bajeti tarehe ya kuliacha.

Serikali si ndiyo inapaswa kujenga?

Ndiyo. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu waliohamishwa ndani ya nchi zao, za 1998, zinasema katika kanuni ya 23 kwamba mamlaka ihakikishe watoto hao wanapata elimu, na ile ya msingi iwe ya bure na ya lazima. Kwa Afrika kuna Mkataba wa Kampala, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika Desemba 2012, nao unawataja waziwazi waliohamishwa na maafa ya asili na mabadiliko ya tabianchi.

Kuchangisha hakuwaondolei wenye dhamana wajibu wao, na barua zenu zisiwe na lugha ya kuwaondolea. Njia inayofanya kazi ni kugawana: jamii na wafadhili wainue jengo, serikali ilete walimu, vitabu na usajili, na makubaliano hayo yaandikwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Baada ya picha za ufunguzi, nguvu yenu ya kudai itakuwa nusu ya ile mliyokuwa nayo.

Tuombe kiasi gani?

Msianze na namba ya kuvutia kisha mkatafuta vitu vya kuijaza. Anzeni na ramani iliyoidhinishwa, mpeni mkadiriaji majenzi aigeuze kuwa orodha ya vifaa na kazi, kipengele kwa kipengele, kisha chukueni bei kwa wauzaji watatu. Bei ziandikwe pamoja na tarehe ya mwisho wa uhalali wake. Baada ya maafa kila mtu anajenga upya, na saruji, mbao na mabati hupanda bei kwa kasi. Makadirio ya miezi sita iliyopita ni historia.

Vitu vinavyosahaulika ni vilevile kila mara: usafiri wa vifaa hadi eneo la ujenzi, upimaji wa udongo, ada ya vibali, malipo ya mhandisi anayekagua, mlinzi wa stoo, madawati, ubao, vyoo, tangi la maji, mifereji ya kutoa maji ya mvua, makato ya benki na ya kutuma fedha. Juu ya yote ongezeni kama asilimia 10 ya dharura, na msione haya kuitetea. Bajeti isiyo na dharura humwambia mfadhili kwamba aliyeiandika hajawahi kujenga.

Kisha ongezeni gharama za kuiendesha shule miaka miwili ya mwanzo, hasa kama malipo ya walimu hayajathibitishwa. Hapa ndipo namba inapoanza kutisha na ndipo kamati nyingi hufuta mstari huo. Usifutwe. Kama fedha za mwalimu hazipatikani, ni heri mjue sasa.

Tuuze kwa vipande: dawati moja, dirisha moja, mfuko mmoja wa saruji?

Inafanya kazi vizuri sana, na ina mtego. Wachangiaji hupenda dawati. Hakuna anayependa kununua kokoto. Mnaweza kujikuta na fedha za madawati ya shule tatu na hamna sakafu ya kuyaweka. Chini ya kila ombi la namna hiyo andikeni kwa herufi zinazosomeka kwamba dawati ni mfano wa thamani ya mchango, na kwamba fedha itaingia kwenye mradi mzima kadiri ya hatua iliyofikiwa.

Tumepata robo tu ya fedha. Tuanze?

Anzeni kama robo hiyo inamaliza kitu. Vyumba viwili vyenye paa, sakafu, madirisha na vyoo vina thamani kuliko vyumba vinane vilivyoishia kwenye linta, yaani ukanda wa juu ya milango na madirisha. Boma lisilo na paa hupigwa na mvua, nondo zilizochomoza hushika kutu, na wachangiaji wanaopita hapo huona ushahidi wa mradi uliokwama. Panga jengo zima kwenye ramani, lakini lijengwe kwa awamu ambazo kila moja inaweza kutumika hata kama ya pili haitakuja.

Tofauti ni msingi: ukijengwa mapema mahali penye udongo mgumu na mifereji, unaweza kusubiri. Kuta hazisubiri.

Akaunti iwe ya nani?

Ya kikundi kilichosajiliwa, au ya taasisi inayoaminika iliyokubali kwa maandishi kuzishika fedha kwa niaba yenu. Isiwe ya mtu, hata awe mchungaji, imamu au mwalimu mkuu mstaafu. Si suala la kumshuku. Mtu huyo akiugua, akifariki au akigombana na mwenziwe, fedha ya watoto inageuka kuwa mirathi.

Waweka saini wawe watatu na wawili kati yao watoshe kutoa fedha, wasiwe wa familia moja, na angalau mmoja awe mwanamke anayeishi kwenye makazi hayo. Michango ya simu iende kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi na ihamishiwe benki kila wiki. Mweka hazina asiwe ndiye anayenunua vifaa, na anayenunua asiwe ndiye anayevipokea stoo. Hizo ni kazi tatu za watu watatu.

Ndugu zetu walioko nje wanataka kutuma. Njia gani ni nzuri?

Majukwaa mengi ya kuchangisha mtandaoni hulipa kwenye akaunti za benki za nchi fulani tu, kwa hiyo mtu wa huko hulazimika kupokea kwanza kisha atume. Ajulikane, asaini makubaliano, na kila anachotuma kilinganishwe na kilichoonekana kwenye jukwaa baada ya makato.

Michango ikiwa mikubwa, tafuteni asasi ya hisani iliyosajiliwa huko itakayoipokea kwa ajili ya mradi wenu. Uingereza, asasi ya aina hiyo inaweza kudai kutoka serikalini peni 25 kwa kila pauni aliyotoa mlipakodi, kupitia mpango wa Gift Aid. Marekani, anayetoa dola 250 au zaidi kwa mkupuo huhitaji barua ya asasi kuthibitisha mchango ili aweze kuutaja kwenye hesabu zake za kodi. Kwa wachangiaji wengi, barua hiyo kuchelewa ni sababu tosha ya kutotoa mwaka unaofuata.

Je, zaka inaweza kujenga shule?

Sura ya At-Tawba katika Qurani, aya ya 60, inataja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na jengo si mojawapo. Wanazuoni wengi huishia hapo. Wapo wanaopanua maana ya "katika njia ya Mwenyezi Mungu" hadi kuingiza elimu. Msiwatolee waumini fatwa kwenye tangazo la mchango. Ombeni sadaka, elezeni kwamba shule na kisima ni sadaka jariya, yaani sadaka ambayo thawabu zake huendelea, na anayetaka kutoa zaka aelekezwe kwa familia zenye kustahiki, zitakazonunua sare na madaftari.

Tutumie picha za watoto?

Tumieni picha za kazi: mikono inayopanga tofali, darasa la chini ya mti lilivyo, ubao ulioegemezwa ukutani. Kama sura ya mtoto inaonekana, mzazi awe amekubali kwa kuelewa picha itakwenda wapi, na mtoto naye awe ameulizwa. Jina kamili na mahali anapoishi visiandikwe. Mtoto akilia kwenye vifusi, picha hiyo huchangisha haraka, ndiyo, lakini miaka kumi baadaye atakuwa kijana anayetafuta kazi na picha yake ya siku mbaya kuliko zote bado inazunguka mitandaoni.

Mwanasiasa ameahidi mifuko ya saruji. Mfadhili mwingine anataka shule iitwe jina lake.

Ahadi si fedha. Kwenye daftari kuwe na safu mbili, ya ahadi na ya kilichopokelewa, na bajeti isome ya pili tu. Saruji pokeeni, toeni stakabadhi kama kwa mchangiaji mwingine yeyote, na jengo lisipakwe rangi za chama.

Jina la mfadhili liandikwe kwenye kibao cha chumba alichokijenga. Jina la shule ni la jamii, na mara nyingi linasajiliwa na wizara, kwa hiyo kamati haina hata mamlaka ya kuliuza.

Tunaletewa vitu badala ya fedha.

Vitabu vya mtaala usio wenu, kompyuta zisizo na umeme, makontena ambayo ushuru wake unazidi thamani ya mzigo. Wekeni orodha ya vitu mnavyovihitaji na vipimo vyake, kisha muwe na ujasiri wa kusema "asanteni, hapana". Kuna vifaa vinavyofaa kweli: UNICEF ina sanduku la vifaa vya shule lililopangwa kwa ajili ya mwalimu mmoja na wanafunzi 40, na limeanzisha madarasa mengi ndani ya siku chache baada ya maafa. Ulizeni kama linapatikana kwa ajili ya kipindi cha kusubiri jengo.

Nguvu za wananchi zihesabiwe kama mchango?

Zihesabiwe na ziandikwe: nani, siku gani, kazi gani. Kusomba maji, kuchimba msingi, kupanga mawe. Lakini watu waliopoteza kila kitu wanahitaji kipato pia, na siku nzima ya kubeba mawe bure ni siku isiyo na kibarua. Panga zamu fupi, na kazi ndefu zilipwe. Zege, nondo na kenchi ni za fundi mwenye ujuzi, chini ya jicho la mhandisi.

Mhandisi ni ghali. Fundi wetu mzoefu hatoshi?

Hatoshi, na hapa hakuna kujadiliana. Kashmir, tarehe 8 Oktoba 2005, ardhi ilitetemeka saa tatu kasoro asubuhi, watoto wakiwa darasani, na maelfu walikufa. Sichuan, 12 Mei 2008, serikali ya China ilitaja wanafunzi 5,335 waliokufa au kutoonekana tena, na wazazi waliuliza kwa nini shule zimelala chini huku majengo ya jirani yamesimama. Nepal, 25 Aprili 2015, maelfu ya vyumba vya madarasa viliharibika, lakini ilikuwa Jumamosi na shule zilikuwa zimefungwa.

Mhandisi atazame udongo, mteremko, njia ya maji, unene wa nondo, ukanda wa zege unaofunga kuta juu ya madirisha, na jinsi paa lilivyofungwa kwenye ukanda huo, si kupigiliwa misumari tu juu ya tofali. Milango ya darasa ifunguke kwa nje. Na kuwe na mahali pa kukimbilia panapojulikana: katika tsunami ya Japan ya 2011, shule ya msingi ya Okawa ilipoteza watoto 74, ambao wengi wao walikuwa wamesubirishwa uwanjani karibu dakika 50 huku kilima kikiwa nyuma ya shule.

Jambo jingine la kumwambia mhandisi mapema: maafa yakirudi, shule hugeuka makazi. Beira, Msumbiji, baada ya Kimbunga Idai cha Machi 2019, familia zilizopoteza nyumba zilijaa kwenye shule. Chumba cha ziada cha stoo na vyoo vya kutosha vitawawezesha watoto kurudi darasani mapema.

Vyoo vingapi?

Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada ya kibinadamu, vinataja tundu moja kwa wasichana 30 na moja kwa wavulana 60, na maji lita 3 kwa mwanafunzi kwa siku kwa kunywa na kunawa. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Vyoo vya wasichana viwe na komeo la ndani, maji na pa kutupia taulo za kike. Vijengwe pamoja na darasa la kwanza, visisubiri awamu ya pili.

Vifaa vinapotelea wapi?

Vingi havipotei, havikufika. Chukua lori la mchanga. Linaingia limejaa katikati kama kichuguu, na kwenye kona nne za bodi mchanga uko chini kwa kiganja kizima. Mpokeaji apande juu kabla halijamwaga, asawazishe kwa koleo, achomeke fimbo yenye alama za vipimo kwenye kona zote na katikati, azidishe kwa urefu na upana wa bodi, na aandike ujazo huo kwenye hati ya kupokelea mbele ya dereva. Baada ya safari mbili za namna hiyo, malori huanza kuja yamejaa kweli.

Saruji ihesabiwe ikiingia na ikitoka, ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta, na ile ya zamani itoke kwanza, kwani ikikaa miezi mitatu kwenye unyevu hushika mabonge na kupungua nguvu. Mifuko mitupu ihifadhiwe mpaka ukaguzi: idadi yake lazima ilingane na iliyotumika.

Mkandarasi alipwe kwa hatua iliyokaguliwa, na sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, izuiliwe mpaka msimu wa mvua upite na kasoro zirekebishwe.

Kuna maneno kwamba mweka hazina amekula fedha.

Kama hesabu zinabandikwa ubaoni kila mwezi, maneno hayo hufa yenyewe ndani ya siku mbili. Kama hazibandikwi, zibandikeni leo: kilichoingia, kilichotoka, salio, na picha ya taarifa ya benki. Wachangiaji wa mbali watumiwe karatasi hiyohiyo, siyo toleo lililopambwa. Ikithibitika kuna upungufu, kamati itangaze yenyewe kabla wengine hawajatangaza, mhusika asimame kando, na suala lipelekwe kunakohusika. Kulimaliza kifamilia huonekana ni busara, lakini ndiko kunakofunga milango ya wafadhili wote waliobaki.

Fedha zimebaki. Tunaweza kuzitumia kwa sherehe ya ufunguzi?

Hapana. Zifunguliwe hesabu ya matengenezo, kwa sababu mwaka wa pili bati litavuja na vitasa vitavunjika. Kama zimebaki nyingi, waulizeni wachangiaji wakubwa kwa maandishi kabla ya kuzipeleka kwenye nyumba za walimu au uzio. Sherehe iwe na bajeti yake na wachangiaji wake.